Ehee Arobaini na Moja

Nilihesabu. Katika mahojiano ya dakika 12 nimesema "ehee" mara 41. Hapo sijaweka "naam" tano, "loh!" mbili, na kicheko kimoja kikubwa kilichofunika maneno matamu kuliko yote aliyosema yule mzee dalali asubuhi ile. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli usiku, visikilizio masikioni, nasikiliza rekodi ya mnada wa samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, na kila mzee akifika penyewe, natokea mimi: ehee.

Kwetu hilo si kosa, ni adabu. Mtu mzima akizungumza nawe ukanyamaza kama gogo, atakatisha akuulize kama mko pamoja. Hata hadithi za utotoni haziendi bila kuitikiwa. Msimulizi akisema paukwa, sharti pawepo wa kusema pakawa. Darasani tulifundishwa kinyume chake: mhoji anyamaze, aitikie kwa kichwa. Nilikariri, nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Kisha nikaenda Feri nikafanya kama mama yangu alivyonilea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya somo la utangazaji, muhula wa mwisho. Makundi ya watu watano. Kila kundi litengeneze kipande cha kwanza cha podikasti, kisichozidi dakika 15, halafu lisimame mbele ya jopo na kuinadi kana kwamba linatafuta wa kuilipia. Mwalimu wetu, tuliyemwita Madamu, alitupa historia kwa dakika chache: neno podikasti lilitokea Februari 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, mwandishi Ben Hammersley alipokuwa akijaribu majina ya mtindo mpya wa kurusha sauti kwenye intaneti, na nusu yake imetokana na iPod, kile kifaa cha mfukoni cha kusikilizia muziki. Wa nyuma kabisa akasema basi sisi tuiite simukasti, maana iPod hajawahi kuishika. Madamu alicheka, na nadhani siku ile ndiyo ya mwisho kumwona akicheka mpaka muhula ulipoisha.

Wazo letu la kwanza liliitwa Sauti ya Kijana. Nalitaja kwa aibu. Lilihusu changamoto za ajira kwa vijana, na katika jaribio la wiki ya nne nililinadi mimi, dakika saba nzima: lengo kuu, malengo mahususi, walengwa wa miaka 15 hadi 35, vifaa tutakavyotumia, mpangilio wa vipande kumi. Nilipomaliza Madamu akaniuliza, "Katika hao vijana, nitajie mmoja." Kimya. "Haya, kipande cha kwanza kinaanza na sauti gani?" Mwenzangu akanisaidia: kinaanza na muziki wa utangulizi. Madamu akaandika maneno mawili kwenye karatasi yetu, akaturudishia. "Kwa hiyo?"

Hadi leo naona angeweza kutuambia hilo kwa upole zaidi. Lakini karatasi ninayo bado.

Lililotuokoa lilitoka kwenye daladala ya Makumbusho kwenda Mbagala, jioni, mvua inanyesha na foleni haisogei. Konda alikuwa hana sauti. Imekauka kabisa. Alikuwa anagonga sarafu kwenye bomba la mlangoni, anaonyesha vituo kwa vidole, na abiria wa siti za mbele wanamsaidia kuita. Mama mmoja alikuwa na tangawizi kwenye mfuko wa sokoni, akammegea kipande akatafune. Konda akamshukuru kwa mnong'ono, kisha akatuambia sisi tuliosimama mlangoni kwamba juzi alikaa nyumbani siku mbili, dereva kamwambia konda bubu wa nini.

Nilikuwa na mwenzangu wa kundi anayekaa Mbagala. Tukatazamana. Tunafika Mtoni Mtongani tuna orodha kwenye simu yake: mpiga debe wa stendi; dalali wa mnada wa samaki; mshereheshaji wa harusi; muuza kahawa, ambaye yeye kaamua kugonga vikombe ili koo lipumzike; na yule bwana wa Kariakoo anayewarekodia machinga maneno ya kwenye spika, jero jero, chagua mwenyewe, sauti moja unaisikia kwenye mikokoteni kumi na mwenye sauti humjui. Watu wanaokula kwa sauti. Tena si hivyo tu. Sauti ikiondoka, wanakula nini?

Madamu aliposoma hakuandika kitu. Aliuliza tu tunaanza na nani. Tukasema dalali.

Feri hukwendi mikono mitupu. Tulikuwa na barua ya utambulisho yenye muhuri wa chuo, tukaipeleka kwa viongozi wa soko, tukasubiri, tukaambiwa turudi kesho, tukarudi. Hata baada ya kuruhusiwa, mtu wa kwanza kuona maikrofoni alituuliza kama sisi ni wa mapato. Wa pili akataka kujua atalipwa ngapi. Darasani jibu la swali hilo ni jepesi, anayehojiwa halipwi. Pale uwanjani lina kona zake. Mzee mwenyewe hakuomba hata senti, lakini kijana anayembebea mabeseni alituomba ya maji, na tukaanza kubishana sisi kwa sisi, wima, katikati ya magamba ya samaki, kama chupa ya maji ni malipo au ni utu. Mwishowe tulinunua vibua kama wateja wengine. Mweka hazina wetu, dada mkali tuliyempa jina la Mama Bajeti, akaandika kwenye daftari: mboga.

Upepo wa pale ufukweni hauna huruma. Maikrofoni yetu ya kubana shatini, tuliyoinunua Kariakoo, ilinasa upepo kuliko watu, mpaka mmoja wetu akaivisha soksi ya mtoto. Ilisaidia. Ila tatizo kubwa hatukulitegemea. Mnada unaendeshwa kwa sauti, lakini unajibiwa kwa uso. Dalali anapaza, elfu themanini, themanini na tano, tano, tano, na wanunuzi wanakubali kwa nyusi, kwa kidevu, kwa kidole kimoja kilichoinuka juu ya beseni. Ukisikiliza rekodi unamsikia mtu mmoja akipiga kelele peke yake, ghafla samaki wameuzwa. Kwa nani? Nyusi hazisikiki. Siku ya pili mwenzetu mmoja alijificha nyuma ya nguzo na simu yake, akawa ananong'ona anachokiona: "Mama wa kanga ya njano kainua kidevu. Yule wa kofia kageuka pembeni. Mama kainua tena." Alikuwa anafanya hivyo ili tukumbuke wakati wa kuhariri. Mnong'ono huo ukawa ndio usimulizi wetu, kama ulivyo, pamoja na pumzi zake. Studio nzima ya chuo haikutupa kitu kizuri kama kile.

Sasa, mzee na ehee zangu.

Baada ya kuhesabu ile 41 nilirudi Feri nikiwa nimejiapiza. Nitanyamaza. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, salama, za tangu juzi, njema. Yote hayo tukamaliza, nikabonyeza kurekodi, nikauliza swali, nikaanza kutikisa kichwa. Mzee alisema sentensi mbili tatu, akanitazama. Nikatikisa. Akaendelea kidogo, akasimama. "Binti, umekula?" Nikatikisa kichwa. Akamgeukia kijana wake: "Mletee chai huyu, anaumwa."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, na hiyo nayo imerekodiwa.

Dawa tuliipata kwa mwenzetu anayependa mambo ya mitambo. Simu mbili. Moja kwa mzee, maikrofoni karibu na kidevu chake; nyingine kwangu. Mnaanza kurekodi zote, mnapiga kofi moja la nguvu, basi. Kofi lile kwenye programu linaonekana kama mlima uliochongoka, unazipanga sauti mbili mlima juu ya mlima, na hapo kila mtu yuko kwenye njia yake. Naitikia ninavyotaka, kisha usiku nazishusha zangu. Nilisogea nyuma nusu hatua ili nisiingie sana kwa mzee, na sauti nikaiweka ya chini, ile ya kuitikia msibani. Mzee akafunguka kama hajawahi kuhojiwa.

Kwenye kuhariri tulizifuta zote kwanza. Tukasikiliza. Mzee alikuwa anahutubia ukuta. Maneno ni yale yale, ila aliyeambiwa hayupo, na hata yeye anasikika kama mtu asiyeaminiwa. Tukaanza kuzirudisha moja moja, tukabishana juu ya kila moja, na tisa zikabaki. Mojawapo ipo pale anapotaja mwaka alioanza kazi. Ni ehee ya mtu aliyeshtuka, maana mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mpiga debe tulimpata stendi ya Rangi Tatu, Mbagala, na hakuhitaji simu mbili. Hakuhitaji hata swali. Huyu ndiye aliyenifundisha kunadi, na sidhani kama anajua. Nilimuuliza siri ya kazi ni nini, akanishangaa. "Wewe ukimwita abiria unamwambia gari ina matairi manne? Mtajie anakokwenda. Mwambie siti ipo. Akishakaa ndiyo ajue dirisha halifungi." Wenzangu walicheka. Mimi nilikumbuka dakika zangu saba. Malengo mahususi, matairi. Vifaa, matairi. Vipande kumi, matairi matupu.

Tena lugha ilikuwa imetuambia mapema, hatukusikia. Kunadi na mnada ni ndugu wa tumbo moja. Na kupiga debe, ambako siku hizi wanasiasa wanafanyiwa na watu wenye suti, mpaka leo kunabeba bati lile la mafuta ndani yake. Tulikuwa tunahoji walimu wa kazi yetu wenyewe huku tukidhani tunawaandikia habari.

Uhariri sitauelezea sana. Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inakubali kompyuta kuukuu. Rekodi ambayo haijabanwa, njia moja tu, inakula kama megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo saa sita za sauti zetu zilikaribia gigabaiti 2, na kompyuta mpakato ya kundi ilikuwa na betri inayokaa dakika kumi. Umeme ulikatika tukapoteza kazi ya mchana mzima. Baada ya hapo tulikuwa tunahifadhi kila tukipumua.

Kipande kilianza na kikohozi. Hili lazima nilieleze. Katika mahojiano mzee alisema koo limemgomea mara mbili mwaka ule, na hospitali walimwambia apumzishe sauti wiki mbili. "Wiki mbili? Atanada nani?" Akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, cha kifuani, halafu boti ikaingia, akainuka, na sauti ile ile ikatoka: "Elfu themanini!" Sekunde tisa kwa jumla. Tulipozisikia usiku hakuna aliyesema neno. Tulijua mwanzo tumeupata.

Siku ya kunadi jopo lilikuwa na watatu: Madamu, mtayarishaji wa vipindi wa redio moja ya mjini, na bwana wa matangazo ya biashara. Kundi lililotutangulia lilikuwa na slaidi 22. Sisi tulikuwa na waya usioingia kwenye kompyuta ya ukumbini. Mwenzetu akainua simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti, kikohozi kikajaa ukumbi. Bwana wa matangazo, aliyekuwa anachezea simu yake, akainua kichwa. Nikasema: "Huyu ameuza samaki kwa koo hili miaka 27. Mwaka huu koo linagoma. Tunakupeleka kwa watu wa Dar es Salaam wanaokula kwa sauti, na tunakuonyesha kinachowapata ikiondoka." Nikakaa. Nilitumia chini ya dakika moja kati ya tano. Magoti yalikuwa yanagongana.

Maswali ndiyo yaliyochukua muda. Bando la kusikilizia analipa nani? Hilo tulilifanyia hesabu: sauti ya njia moja, MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 15 ni kama megabaiti 7, na badala ya kumwambia konda apakue programu mpya, tunaiweka kwenye makundi yao ya WhatsApp ambayo tayari wanayo. Je, leseni? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, na sote tunajua waliofunga blogu zao wakati ule. Zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Mama Bajeti akajibu kwamba hii bado ni kazi ya chuo, na siku itakapokuwa biashara gharama ya leseni imo ukurasa wa tatu. Ilikuwemo kweli. Sikujua.

Mtayarishaji wa redio ndiye aliyetubana. Kwa sauti ya mtu anayeumia kidogo akasema Dar es Salaam ina redio tangu 1951, tunachokiita podikasti yeye anakiita kipindi, sasa sisi tumegundua nini? Mwenzangu wa Mbagala akamjibu kwa heshima zote: "Redioni kikipita kimepita, mzee. Konda anafunga hesabu saa tano usiku. Sisi tunamsubiri." Mzee wa redio akaandika kitu.

Kisha bwana wa matangazo akauliza kama tumefikiria kutafuta kampuni ya vidonge vya koo. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka, na usiku ule sisi pia hatukucheka, tulibishana hadi mlinzi akatufukuza kwenye korido. Tulipata 34 kati ya 40. Redio ikasema inataka vipande vya dakika tatu vya asubuhi, itatupigia. Haijapiga.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee kipande chake, kabla hatujakiweka popote. Nilikwenda kifua mbele. Aliweka simu sikioni, akaziba sikio la pili, akasikiliza sekunde tisa za kwanza, akanirudishia.

"Hapo mwanzo patoe."

Nikaanza kumweleza. Ndiyo pazuri, ndipo watu waliponyamaza ukumbini. Akanisubiri nimalize. "Pale unaona vijana wangapi?" Walikuwa watatu, wamekaa juu ya kreti. "Wote wanasubiri nafasi hii. Mwenye boti akisikia koo langu limeoza, kesho samaki anampa nani?" Nikasema lakini alikubali, tena aliweka sahihi. "Uliniambia ni ya shule."

Ni kweli nilimwambia hivyo, na ilikuwa ya shule. Ilikuwa ya shule mpaka tulipokaa tukahesabu megabaiti za kuipeleka kwenye simu za makonda wa mji mzima, na hatukurudi kumwambia. Fomu yetu ilikuwa ya Kiswahili safi, mistari sita, imetaja jina la chuo na la somo. Haikusema kwamba jirani yake wa mnadani atamsikia akikohoa.

Kundi liligawanyika. Watatu tulisema kikohozi kibaki, na naandika "tulisema" kwa sababu nilikuwa mmojawapo. Niliona tunanyang'anywa kitu tulichokitafuta miezi mitatu. Hoja zetu zilikuwa za darasani, nzuri kabisa: maslahi ya umma, ridhaa ya maandishi. Mama Bajeti alisikiliza zote, akauliza swali moja, la kihasibu kama kawaida yake. Kikohozi kikibaki, nani anapata na nani analipa? Mwenzetu wa mitambo akafungua kompyuta bila kungoja kura.

Toleo lililokwenda kwenye makundi lina dakika 13 na sekunde 10. Linaanza na injini ya boti ikizimwa, halafu mnong'ono: mama wa kanga ya njano kainua kidevu. Kama mwanzo, ni dhaifu kuliko ule wa kwanza. Ukiwa umeusikia ule, huu unaona kabisa kuna kitu kimeondolewa. Nilimpelekea tena mzee, akausikiliza wote hadi mwisho huku vijana wale watatu wamemzunguka. Pale aliponiagizia chai walicheka, naye akacheka. Akanirudishia simu, akaniuliza vile vibua siku ile nilinunua fungu shilingi ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema nilipigwa.